Usikemee Pepo Ukurasa wa Pili: Kuandika Hadithi ya Taharuki ya Kikristo Ukiwa Kusini

Kijana mmoja wa kwaya aliniletea daftari ndani ya bahasha ya kaki, akaniomba nimsomee hadithi yake. Ukurasa wa kwanza binti anaanguka njiani akitoka kuchota maji, anaanza kuongea kwa sauti ya kiume. Ukurasa wa pili mchungaji anafika, anasema "Toka kwa jina la Yesu!", pepo anatoka, binti anaomba uji. Kurasa thelathini na nane zilizobaki ni mahubiri. Nikamuuliza, "Sasa mimi msomaji nikeshe na nini?" Akacheka kwa aibu. Kumbe hata yeye alichoka alipofika ukurasa wa kumi.

Haya ndiyo niliyomwambia siku ile hapa barazani Mtwara, kusini mwa Tanzania, na Jumapili zilizofuata, tukimenya korosho za kuchoma. Yanamfaa yeyote anayetaka kuandika hadithi ya kutisha yenye malaika, mapepo, maombi na uchawi ndani yake, ibaki ya Kikristo, na bado msomaji aogope kwenda msalani peke yake.

Hatua ya kwanza: tafuta swali linalomnyima usingizi mtu wa huku

Hadithi nyingi za kutisha zinazotoka mbali hujengwa juu ya shaka. Je, kuna kitu chumbani, au mhusika anachanganyikiwa? Kurasa mia mbili zinakwisha watu wakibishana kama mizimu ipo. Huku Kusini ubishi huo haumkeshi mtu. Mwambie mtu wa Newala au Nachingwea kwamba shamba la tajiri fulani linapaliliwa usiku na mandondocha, wale wanaodhaniwa wamekufa na kuzikwa kumbe wamechukuliwa wakafanyishwe kazi. Hatakuuliza kama mandondocha wapo. Atakuuliza, "Tajiri yupi?"

Kwa hiyo ukiiweka taharuki yako kwenye "je, yapo?", msomaji ameshakutangulia njiani. Iweke kwenye "yakikufika, utakimbilia wapi?" Hapo ndipo Mkristo wa huku anapobanwa kwelikweli. Mchana, kanisani, wote tunalijua jibu. Saa nane za usiku ni habari nyingine.

Chukua mfano ninaoutumia kila mara. Sekunda ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kijiji cha juu kwenye uwanda wa Makonde. Mumewe ni mwinjilisti, wiki hii yuko Lindi kwenye mkutano wa injili. Saa nane usiku mtoto wao wa miaka mitatu anashikwa na degedege: macho yamegeuka, meno yamekazana, mkono mmoja unapiga godoro. Zahanati iko ng'ambo ya bonde. Bodaboda wa kwanza hapokei, wa pili amezima simu. Na mlangoni tayari amesimama kaka yake Sekunda, mjomba wa mtoto, Bonifas.

Angalia sasa jinsi mahali panavyokufanyia kazi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa mila huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake si la kupuuzwa. Bonifas amebatizwa, ni mzee wa kanisa, ndiye anayepitisha kapu la sadaka. Lakini amekulia humuhumu, na amesikia tangu utotoni kwamba degedege haichomwi sindano, kwamba mtoto wa degedege akichomwa anakufa. Anasema kwa upole, "Dada, tumpeleke kwa mzee wa bondeni kwanza. Kesho tutatubu." Hakuna jini lililoonekana bado. Hakuna paka mweusi. Msomaji ameshaacha kutafuna.

Na hapa niweke neno moja zito kabla hatujaendelea. Degedege mara nyingi ni homa iliyopanda, malaria ikiwamo, na mtoto anahitaji kufika kwenye matibabu upesi. Usiandike hadithi itakayomfanya mama fulani amkalishe mtoto nyumbani kwa sababu mhusika wako aliomba tu akapona. Kwangu mimi hili halina mjadala. Katika hadithi yangu Sekunda anaomba akiwa juu ya pikipiki, mtoto kafungwa mgongoni kwa kanga mbili, na pikipiki ni ya jirani Mwislamu aliyetoka kitandani na msuli tu.

Hatua ya pili: mahali pabebe hofu

Kila mwandishi chipukizi anataka kuweka jini kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au kwenye nyumba za kale za Mikindani. Nimeshachoka nayo. Magofu yanamtisha mtalii. Aliyezaliwa pale anaanika samaki juu yake. Tafuta hofu kwenye kitu ambacho msomaji wako amekishika jana.

Biblia ya Kiswahili inasema ziwa la moto na kiberiti. Kiberiti kile ndiyo salfa yetu. Kila mwaka kuanzia Juni hivi, mikorosho inapotoa maua, wakulima wanaamka kabla ya jua na mashine mgongoni kupuliza salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Hupulizwa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado uko majani, ili unga ushike. Macho yanawasha, koo linakauka, na shamba zima linageuka ukungu wa manjano. Yaani tunaishi miezi mitatu ndani ya harufu ya kitabu cha Ufunuo, na sijui kwa nini hatuiandiki. Mimi niliiandika hivi:

Sekunda aliisikia mashine kabla ya kuiona. Ilinguruma mahali fulani katikati ya mikorosho ya marehemu baba yake, ambako mwaka huu hakuna aliyelipwa kupuliza. Ukungu ulimfika miguuni, ukapanda magotini. Akaziba pua kwa ncha ya kanga. Mashine ikazimika. Kimya. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu, na kusafisha koo mwishoni. Baba alikuwa akikohoa hivyo. Sekunda alihesabu bila kutaka: miezi kumi na mmoja tangu wamzike.

Sikuweka pembe wala mkia. Niliweka kikohozi, kwa sababu kila mtu anakijua kikohozi cha baba yake.

Kitu kingine cha kuazima ni mwezi. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na wilaya zetu za kusini zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Wengine walikuwa wamelala kwenye dungu shambani, wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Watafiti waliochambua mashambulizi hayo waligundua kwamba siku mbaya zilikuwa zile zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ni rahisi: mwezi ukishapita upevu, kila siku unachelewa kuchomoza, kwa hiyo jua likizama panakuwa na saa kadhaa za giza totoro, na simba aliyeshinda njaa usiku wa mbalamwezi anatoka. Watu wa vijijini hawakusema ni simba tu. Walisema ni simba wa kutumwa, na kila kijiji kilikuwa na jina la kumtaja.

Unaona kilichopo hapo? Kalenda ya mwezi, mtu aliye juu ya miti minne na paa la nyasi, na jina la jirani linalonong'onwa. Kabla hujaandika usiku wowote, jiulize mwezi uko wapi. Msomaji wa kijijini atakukamata ukisema mbalamwezi iliwaka saa moja jioni wakati sura iliyopita ulisema mwezi mpevu ulikuwa siku nne nyuma.

Hatua ya tatu: ziandike sheria za ulimwengu wako wa rohoni

Chukua karatasi moja, mbali na hadithi yenyewe. Andika nguvu za giza zinaweza nini, haziwezi nini, na nani anaruhusiwa kufanya nini dhidi yake. Bila karatasi hiyo utajikuta pepo wako sura ya tatu anapita ukutani, sura ya saba anahangaika na kitasa.

Kwa mwandishi wa Kikristo karatasi hii haianzi tupu. Katika Ayubu, Shetani hagusi kitu bila ruhusa, na ruhusa yenyewe ina mpaka: mara ya kwanza mali, mara ya pili mwili, uhai asiuguse. Katika Danieli sura ya 10, mjumbe anayeleta jibu la maombi amezuiwa njiani siku ishirini na moja, na Danieli muda wote huo anafunga bila kujua kinachoendelea. Hebu fikiria zawadi uliyopewa pale: jibu limetoka siku ya kwanza, na aliye magotini hajui. Hiyo ndiyo taharuki, na imo ndani ya Biblia unayoibeba kila Jumapili. Halafu kuna wale wana saba wa Skewa, Matendo 19, waliojaribu kulitumia jina la Yesu kama tunguri la kuazima. Pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua, na Paulo anamjua, "lakini ninyi ni nani?" Wakatoka mbio uchi na majeraha. Ukiwa na mhusika anayejigamba, mpeleke huko.

Sheria zako zitategemea pia kanisa la mhusika wako, na wengi wanateleza hapa kwa kuchanganya madhehebu. Padri Mkatoliki hawezi kuamka tu asubuhi akafanya ibada rasmi ya kumpunga mtu pepo. Sheria ya kanisa lake inamtaka apate ruhusa mahususi ya askofu. Usilione hilo kama kero. Padri yuko parokia ya mbali upande wa Ndanda, askofu yuko Mtwara, barua inakwenda na basi kupitia Mingoyo, na binti anazidi. Kwa Walokole yeyote aliyeokoka anaweza kukemea, kwa hiyo kwao taharuki itoke kwingine: nani kati ya hawa wanaokemea kwa sauti kubwa ana dhambi iliyofichwa? Usimpe mwinjilisti wa Kianglikana maneno ya mkesha wa Kipentekoste. Wasomaji wako wamekaa kwenye mabenchi hayo, watajua.

Na usiweke mila yote upande wa shetani. Kanisa la hapa limelibishania jambo hili zaidi ya miaka mia. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, alichagua kulibatiza jando badala ya kulipiga marufuku: vijana waliingia porini, ila na sala na msalaba. Wapo waliomuunga mkono na wapo walioona amekwenda mbali mno. Mwandishi anayeandika kwamba ngoma ikilia basi mapepo yamekuja, ameitupa hadithi nzuri ya mabishano hayo kwenye shimo la takataka. Lipiko, yule mcheza ngoma wa Kimakonde, akitoka na kinyago chake mtoto anakimbia, ndiyo, lakini mjomba wake ndiye aliye ndani, na siku atakapolijua hilo ni siku ya kuandika sura nzima.

Hatua ya nne: adui asiwe bibi mwenye macho mekundu

Hapa nilianguka mwenyewe. Hadithi yangu ya kwanza niliituma kwa vipande kwenye simu, watu wakawa wanatumiana. Mchawi wangu alikuwa bibi anayeishi peke yake karibu na mbuyu, macho mekundu, mbuzi mmoja mweusi. Nilidhani nimetunga. Wiki ya tatu mjukuu wa bibi mmoja wa mtaa wa pili alinisimamisha sokoni, akaniambia watoto wameanza kumrushia bibi yake mawe. Nilikwenda. Bibi alinipa kigoda, akaniacha nimalize salamu zote, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mimi nimekukosea nini?" Nyuma yake jikoni moshi wa kuni ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Macho yale yalikuwa na miaka hamsini ya moshi ule.

Nilisimamisha hadithi siku ileile. Nchi hii ina maeneo ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu hiyohiyo ya macho, na Sheria ya Uchawi inamhesabu mkosaji hata anayemtuhumu mwenzake tu kuwa mchawi. Hadithi ya Kikristo inayomwongezea jirani adui haina haki ya kujiita hivyo. Ukiacha maadili, kwa ufundi pia ni kazi mbovu: bibi wa mbuyu msomaji anamjua tangu aya ya kwanza, hakuna cha kugundua.

Adui anayetisha ni yule anayetoa kitu ambacho hata wewe ungekipokea. Kumbuka vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 katika milima ya Umatumbi, Kilwa. Watu waliahidiwa kwamba dawa ile ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Waliokubali hawakuwa wajinga. Walikuwa wamelimishwa pamba kwa kiboko, na mtu amewaletea neno ambalo mioyo yao ilikuwa inalisubiri. Ahadi ya adui wako iwe na uzito huo. Isiwe "nitakupa utajiri" tu. Iwe "nitakurudishia sauti ya baba yako," kwa mtu aliyefika mazishini amechelewa.

Katika hadithi ya Sekunda, adui ni bwana Fidelis. Analipia watoto wa kijiji ada. Ametoa bati za kanisa, na jina lake limeandikwa kwenye ubao wa wafadhili pale mlangoni. Anakopesha wakulima miezi ya njaa, kisha anajilipa kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa bakuli, kabla hazijafika ghalani. Anaongea taratibu. Anajua maandiko kuliko mwinjilisti. Sekunda anapokuta mizani ya ghala haikubaliani na daftari, yeye ndiye wa kwanza kumwambia, "Binti yangu, usijisumbue, umefiwa mwaka huu, akili inachoka." Katika Injili ya Yohana, Yesu anamwita Ibilisi baba wa uongo. Basi mpe adui wako silaha hiyo kabla ya kumpa tunguri: aseme uongo mtamu, mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayekujali.

Hatua ya tano: kila ajabu iwe na maelezo mawili

Nilisema msomaji wa huku haulizi kama yapo. Ni kweli, ila anauliza jambo jingine kila siku: hili lililotokea leo ni la kiroho, au kuna mtu ananichezea? Tukio la ajabu liweke hivi kwamba mtu mwenye imani na polisi wa kata waweze kuliangalia pamoja na kila mmoja aondoke na lake.

Shamba la Fidelis linapaliliwa usiku. Asubuhi chini ya mikorosho pamefyekwa pakawa peupe, ekari sita, na hakuna kibarua aliyeonekana kijijini. Mandondocha? Au watu wanaovushwa mto Ruvuma gizani kutoka ng'ambo, Msumbiji, wanalazwa ghalani mchana, hawalipwi? Sekunda anaona nyayo: zinaingia shambani, nyingi, za miguu mitupu, na zote zinafuata mstari mmoja kama wafungwa. Maelezo yote mawili yanazikubali nyayo hizo. Na ukiniuliza mimi, lile la pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mandondocha watakaokutwa ghalani wana majina na mama zao wako hai.

Ficha jibu mpaka theluthi ya mwisho. Na ukilitoa, acha jambo moja dogo lisiloelezeka. Kwangu ni kile kikohozi. Mashine ya kupuliza ilikuwa ya vibarua wa Fidelis, sawa, imeelezeka, wamesema wenyewe. Lakini walipoulizwa nani alikuwa anakohoa, wakatazamana.

Hatua ya sita: muujiza uwe na bei

Hii ndiyo hatua iliyomshinda yule kijana wa kwaya, na ndiyo nitakayoisemea zaidi.

Msomaji Mkristo anajua Mungu anaweza. Ukimtumia Mungu kumtoa mhusika kila shimoni, msomaji anaacha kuogopa, na hana kosa. Dawa ya hili iko Matendo 12. Watu wengi wanakumbuka nusu ya pili tu: Petro gerezani, minyororo miwili, malaika anampiga ubavuni, lango la chuma linafunguka lenyewe. Rudi mwanzo wa sura. Mstari wa 2, Herode amemuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Yakobo alikuwa mtume kama Petro. Kanisa halielezwi kwa nini mmoja alitolewa na mwingine hakutolewa. Kwa hiyo usiku ule Petro amelala, msomaji hana dhamana yoyote.

Fanya hivyo. Mapema kwenye hadithi, mtu mwema, anayeomba, anayependwa na msomaji, asiokolewe. Usimuue kwa ajili ya kutisha tu. Awe na kazi yake katika kisa. Katika hadithi yangu ni Mzee Agapiti, katekista mstaafu, mtu pekee aliyemwamini Sekunda kuhusu mizani. Alifunga siku tatu. Alikutwa chini ya mkorosho wake, Biblia kifuani, mkono umeshika kalamu. Kuanzia hapo kila Sekunda anapopiga magoti, msomaji anashikilia kiti.

Endelea na sura ileile. Petro anafika nyumbani kwa mama yake Marko, anabisha. Binti Roda anaisikia sauti yake, anafurahi hadi anasahau kufungua, anakimbia ndani. Waliokuwa wakiomba atolewe wanamwambia ana wazimu. Na huyo mtoro anaendelea kubisha barabarani! Kila nikiisoma nacheka na moyo unanidunda kwa wakati mmoja. Jifunze hapo kwamba jibu la maombi linaweza kuzuiliwa na mlango uliofungwa na watu haohao wanaoomba. Halafu soma mstari wa 19: walinzi wa gereza wakauawa. Muujiza ulimtoa Petro, na wengine wakalipa.

Basi orodhesha kwa kila jambo la ajabu la upande wa nuru: nani analipa? Wale Wagerasi walipoteza nguruwe wapatao elfu mbili, na badala ya kushukuru wakamsihi Yesu aondoke. Sekunda akishinda, kijiji kitapoteza mlipa ada. Bati za kanisa zitadaiwa. Kuna mama atakayemwambia usoni, "Mwanangu alikuwa kidato cha tatu." Usimpe Sekunda jibu la kumjibu mama huyo.

Hatua ya saba: mahubiri yatoe, maombi yabaki

Fupi hapa. Mhusika asihubiri zaidi ya sentensi mbili mfululizo, labda awe mhubiri na yuko madhabahuni, na hata hapo mkate katikati na kitu kitokee mlangoni. Eutiko alilala dirishani Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Msomaji wako naye yuko dirishani.

Maombi ni tofauti, hayo yaache, ila yawe ya mtu aliyebanwa. Watu wakiogopa hawasemi "Ee Mungu mwenye rehema na huruma nyingi." Wanasema "Yesu. Yesu. Yesu wangu." Wanasema "Usiniache na huyu mtoto." Sekunda juu ya pikipiki alijikuta anaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwaya, uleule, bila kufika kiitikio, kwa sababu kiitikio kina neno kifo.

Maongezi mengine nayo yabaki na heshima zake hata pabaya. Sekunda anapomkabili Fidelis kwa mara ya mwisho anaanza na "Shikamoo," naye anaitikia "Marahaba, binti yangu." Ukiondoa salamu hiyo ili ukali uonekane, umeipunguza hofu. Kwetu mtu anayekuangamiza anaweza kukuuliza hali ya nyumbani kwanza.

Hatua ya nane: kata vipande, kisha usome kwa sauti

Nagawa hadithi kwa vipande vya maneno mia nane hivi, anavyovimaliza mtu akisubiri daladala. Kipande kisiishie kila mara na kelele mlangoni. Vitatu hivi mfululizo na msomaji ameshakuzoea. Kimoja kiishie na uamuzi, kimoja na swali dogo la mtoto, kimoja na kitu kilichokosekana mahali pake. Ukifika wakati wa kuchapa kitabu, namba ya ISBN inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na hakimiliki unaisajili COSOTA. Hayo ni ya baadaye.

Kabla ya kutuma popote, soma kwa sauti mbele ya watu wasiokuogopa. Mimi huwasomea majirani umeme ukikatika, na umeme huku hukatika vya kutosha. Changanya wasikilizaji: mzee mmoja, muuguzi au mtu yeyote wa zahanati, kijana wa bodaboda, Mwislamu mmoja, mama mmoja aliyewahi kuuguza mtoto wa degedege. Muuguzi atakuambia mtoto hapewi kitu mdomoni akiwa amekaza meno. Wa bodaboda ataniambia, na kweli aliniambia, kwamba pikipiki haishuki bonde lile usiku na gia namba tatu. Usijitetee. Weka kalamu sikioni, usome, uwaangalie.

Usiku niliosoma kipande cha Mzee Agapiti nilifika pale anapokutwa chini ya mkorosho na kalamu mkononi. Nikanyamaza kugeuza karatasi. Mama Sofia, ambaye hajawahi kukubali hadithi yangu hata moja, akauliza gizani, "Kalamu alikuwa anaandikia nini? Biblia ilikuwa imefunguliwa wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Niliwasha tochi ya simu, nikaandika swali lake pembeni mwa karatasi, na kesho yake nikaanza upya kutoka sura ya nne.